Mtazamo wa Nani? Uhakiki wa Somo la Dini na Mitazamo ya Ulimwengu kwa Watoto wa Shule za Msingi nchini Uingereza

Utangulizi

Mwezi Septemba 2018, tume iliyoundwa na Baraza la Elimu ya Dini la Uingereza na Wales ilitoa ripoti yake ya mwisho, Religion and Worldviews: The Way Forward. Tume hiyo, chini ya uenyekiti wa John Hall, aliyekuwa wakati huo Mkuu wa Westminster Abbey, ilipendekeza kwamba somo lililojulikana kwa miongo mingi kama Elimu ya Dini liitwe Dini na Mitazamo ya Ulimwengu. Jina hilo lilibeba dai zito. Ripoti ilitaka mwanafunzi aache kufundishwa dini kama mifumo sita iliyokamilika, kila mmoja na sikukuu zake, vitabu vyake na mavazi yake. Badala yake aelewe kwamba kila binadamu, mwenye dini na asiye nayo, ana namna yake ya kuuelewa ulimwengu, kuuonja na kuuitikia. Ripoti ikatofautisha pia mitazamo ya kitaasisi, yaani ile inayoshikiliwa na jumuiya nzima, na mitazamo ya mtu binafsi.

Makala haya yanaichunguza ripoti hiyo kwa kuangalia kundi moja tu la wanafunzi: watoto wa shule za msingi, hasa wale wa umri wa miaka mitano hadi saba. Hoja inayojengwa ni kwamba tume iliutambua ugonjwa wa somo la zamani kwa usahihi mkubwa, lakini dawa iliyoitoa imepimwa kwa kipimo cha mtu mzima. Neno mtazamo linamdai mtoto kitu ambacho bado hajawa nacho, na wakati huohuo linapuuza kile alicho nacho tayari.

Usuli kwa ufupi

Shule za Uingereza hazijawahi kuwa na amani kamili kuhusu dini. Sheria ya Elimu ya mwaka 1870 ilikataza shule zilizoendeshwa kwa kodi ya umma kufundisha katekisimu ya dhehebu lolote, na ikampa mzazi haki ya kumtoa mtoto wake kipindini. Sheria ya mwaka 1944 ililifanya somo kuwa la lazima, huku maudhui yake yakiamuliwa na kamati za kila eneo, ambamo madhehebu, walimu na serikali za mitaa walikaa na kukubaliana. Kisha sheria ya mwaka 1988 ikaagiza kwamba mihtasari hiyo ya makubaliano izingatie kuwa mapokeo ya dini nchini humo kwa sehemu kubwa ni ya Kikristo, bila kuziacha nje dini nyingine kuu zilizopo. Hadi leo somo hili ni la lazima, lakini halimo ndani ya Mtaala wa Taifa. Ni kama mgeni mheshimiwa aliyepewa kiti barazani na kunyimwa chumba ndani ya nyumba.

Mwaka 1975 muhtasari wa jiji la Birmingham uliwahi kuleta mzozo kwa kuingiza Ukomunisti pamoja na falsafa ya utu isiyo ya kidini. Kwa hiyo wazo la kuwapa nafasi wasio na dini halikuzaliwa 2018. Kipya katika ripoti ni kwamba wazo hilo lilihamishwa kutoka pembezoni likawekwa katikati, na somo zima likapangwa upya kulizunguka.

Kivuli cha Goldman

Ili kuielewa kasoro ya ripoti, inafaa kurudi nyuma hadi mwaka 1964. Katika mwaka huo Ronald Goldman, akiegemea nadharia ya Jean Piaget kuhusu hatua za ukuaji wa fikra, alichapisha utafiti ambamo watoto na vijana waliulizwa maswali juu ya hadithi tatu za Biblia: kijiti kilichowaka moto bila kuteketea, kuvukwa kwa Bahari ya Shamu, na majaribu ya Yesu jangwani. Goldman aliona kwamba watoto wadogo huyachukua maneno kama yalivyo. Kwao Mungu ni mtu mkubwa aliye juu, na bahari hupasuka kwa sababu kuna mikono inayoisukuma. Kutokana na hayo alihitimisha kwamba Biblia si kitabu cha watoto, na kwamba kuwafundisha mapema kunawaachia picha potofu ambazo baadaye watazitupa pamoja na imani yenyewe. Badala ya hadithi, alipendekeza mada za maisha ya kawaida kama vile mkate, mwanga, kondoo na wachungaji.

Ushauri huo ulipokewa kwa bidii. Penye uzembe, ulizaa vipindi ambamo watoto walichora mkate wiki nzima bila kuambiwa kwa nini kuna watu wanaoumega kwa heshima. Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi ya Goldman ilikuwa katika kipimo chake. Alipima uwezo wa kueleza, na mtoto aliyeshindwa kueleza akahesabiwa kuwa hajaelewa. Mwaka 1998 David Hay na Rebecca Nye walichapisha The Spirit of the Child, kazi iliyotokana na mazungumzo na watoto wa miaka sita na saba, na wengine wa miaka kumi na kumi na mmoja. Walionyesha kwamba watoto wana maisha ya kiroho yenye kina, yanayojitokeza katika namna wanavyohusiana na watu, na viumbe, na nafsi zao, na Mungu, na kwamba mara nyingi huyasema hayo kwa maneno ambayo hayamo katika msamiati wa dini yoyote. Walichokisikia hakingeonekana katika majibu ya maswali ya Goldman.

Ripoti ya 2018 haimfuati Goldman, na waandishi wake pengine wangekataa kulinganishwa naye. Lakini neno walilolichagua linabeba dhana ileile: kwamba dini, kimsingi, ni namna ya kuona na kufafanua. Mtu mzima anaweza kuulizwa mtazamo wake akajibu. Mtoto wa miaka sita akiulizwa atafanya moja kati ya mawili. Atarudia alichokisikia nyumbani, au atabuni jibu la kumridhisha mwalimu. Katika hali zote mbili daftari litakuwa na sentensi nzuri inayoanza na maneno "mimi naamini", na mwalimu atakuwa amepata kitu cha kusahihisha. Kama mtoto ana mtazamo au hana, swali hilo litabaki palepale lilipokuwa.

Alicho nacho mtoto ni matendo. Anajua kuvua viatu mlangoni. Anajua kwamba kuna mwezi ambao watu wa nyumbani hawali mchana, na yeye huruhusiwa kufunga hadi adhuhuri kisha akajigamba kwa wenzake. Anajua mshumaa huwashwa lini na nani huuzima, na kwamba bibi hunyamaza kabla ya kula na haifai kumkatiza. Kwa mtoto wa nyumba isiyo na dini mambo ni hayohayo: anajua kaburi la babu hutembelewa siku gani na maua gani hupelekwa. Elimu ya mapokeo katika jamii nyingi ilianzia hapo. Mtoto wa chuoni Lamu au Unguja huhifadhi sura fupi za Juzuu Amma kwa ulimi kabla hajajua maana ya neno moja la Kiarabu, na mtoto wa Kikristo huisali Baba Yetu miaka kadhaa kabla ya kujiuliza ni majaribu gani anayoomba asitiwe. Si lazima kuuiga utaratibu huo katika shule ya umma, ambayo lengo lake si kulea waumini. Lakini unaonyesha mpangilio ambao ripoti imeugeuza: tendo na simulizi hutangulia, na mtazamo huja baadaye sana, ukija.

Watoto wa Coventry

Jambo ambalo ripoti imelipata sawasawa ni hatari ya masanduku. Ushahidi mzuri zaidi hautoki kwenye ripoti yenyewe bali kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, ambako Robert Jackson na Eleanor Nesbitt walikaa na familia za watoto badala ya kukaa na vitabu kuhusu dini zao. Kitabu chao Hindu Children in Britain kilitoka 1993. Nesbitt aliendelea kufanya kazi katika jiji la Coventry miongoni mwa jamii zenye asili ya Punjab, zikiwemo zile za Waravidasi na Wavalmiki.

Jamii hizi mbili zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu muhtasari wa kawaida hauna mahali pa kuziweka. Waravidasi humtukuza Ravidas, mtakatifu mshairi ambaye tungo zake zimo ndani ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Wasikh, watu ambao wengi Afrika Mashariki huwaita Kalasinga. Wavalmiki humtukuza Valmiki, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa mtunzi wa Ramayana, utenzi ambao kila kitabu cha kiada huuweka chini ya Uhindu. Jamii zote mbili zinatokana na matabaka yaliyodharauliwa kwa karne nyingi na majirani zao Wahindu na Wasikh. Sasa mtoto wa jamii hizi aketi darasani siku mwalimu anapofungua sura ya Uhindu, na wiki tatu baadaye sura ya Usikh. Katika sura zote mbili ataona vitu vya nyumbani kwao, na katika sura zote mbili ataambiwa mambo ambayo kwao hayafanywi. Akisema hivyo, mwalimu mwema asiye mtaalamu wa somo, na wengi katika shule za msingi si wataalamu wa somo hili, atatazama kitabu na kumsahihisha mtoto kuhusu dini ya mama yake.

Hapo ndipo madhara yalipo, na si madogo. Mtoto anajifunza kwamba nyumbani kwao wanakosea. Isitoshe, jambo linaloitofautisha nyumba yao na sanduku, yaani historia ya kubaguliwa na ya kujijengea mahali pa ibada penye heshima, halitajwi kabisa, kwa kuwa sura zote mbili zimeandikwa kana kwamba dini hazina matabaka wala magomvi.

Kundi la Warwick halikuishia kulalamika. Lilitunga vitabu vya watoto, ukiwemo mfululizo wa Bridges to Religions kwa watoto wa miaka mitano hadi saba, ambamo msomaji hukutana na mtoto mmoja wa familia moja na kumfuata katika shughuli zake. Kitabu hakidai kueleza Uislamu au Ubudha ni nini. Kinaeleza mtoto huyu anafanya nini na anasema nini, kisha kinamwalika msomaji alinganishe na ya kwake. Kwa umri huo, njia hii inaonekana kuwa bora kuliko ile ya ripoti, ijapokuwa ripoti ndiyo iliyokuja baadaye na ndiyo yenye sauti kubwa. Inaanzia kwenye tendo la mtu mmoja na kumwachia mtoto kazi ya kuuliza.

Neno lenye historia

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili akilisikia neno mtazamo wa ulimwengu hawezi kulipokea kama neno jipya, kwa sababu taaluma yake imebishana nalo kwa muda mrefu. Mwaka 1945 mmisionari Placide Tempels, aliyefanya kazi Kongo, alichapisha kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu kilichodai kueleza watu wote wa lugha za Kibantu wanauonaje ulimwengu. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanateolojia Mkenya, akatoa African Religions and Philosophy, na humo akatumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kufafanua dhana ya Mwafrika kuhusu wakati. Kwa mujibu wake, wakati wa Mwafrika una zamani ndefu na sasa pana, lakini hauna wakati ujao wa mbali.

Kwa haki, Mbiti aliyachukua maneno hayo kama istilahi, na ushahidi wake wa kisarufi aliutoa katika lugha nyingine, hasa Kikamba na Kikikuyu. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili hawezi kuacha kushangaa. Lugha iliyoazimwa maneno hayo ina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, ina mwakani, na ina Kiyama, siku ambayo tungo za pwani zimeitaja tangu zamani kama jambo linaloelekewa. Maneno mawili yaliondolewa katika jamaa yao yakapewa kazi ya kuwakilisha bara zima. Okot p'Bitek alikwisha kuonya katika mwaka 1970 kuhusu wasomi, wakiwemo Waafrika, wanaoivalisha miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani.

Historia hii inaigusa ripoti ya Uingereza moja kwa moja. Tume ilitaka kuyavunja masanduku yanayoitwa dini, lakini neno lililochaguliwa kama nyundo limewahi, mahali pengine, kuwa fundi wa masanduku. Ukiunganisha mtazamo wa ulimwengu na jina la kundi la watu, kwa mfano mtazamo wa Kiafrika, mtazamo wa Kihindu au mtazamo wa wasio na dini, umejenga sanduku jipya lenye kuta ngumu kuliko lile la kwanza, kwa sababu sasa linadai kuwa ndani ya kichwa cha mtu. Utofautishaji wa kitaasisi na binafsi unasaidia kwa msomaji mtu mzima. Katika shule ya msingi, ambako muda wa somo ni mfupi na picha ukutani ni kubwa, ni rahisi kukisia ni upande upi utakaobaki.

Kenya inatoa mfano wa namna masanduku yanavyoamua nani aonekane. Mtaala wake una mihtasari mitatu ya dini, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, na huu wa mwisho hukusanya pamoja Uhindu, Ujaini, Ubudha na Usikh. Mtoto husoma mmojawapo. Dini za jadi za Kiafrika hazina muhtasari wao. Katika mfumo wa 8-4-4 zilifundishwa kwa upana ndani ya muhtasari wa Kikristo wa sekondari, kama urithi. Neno urithi ni la heshima, lakini hutumika pale mwenye mali amekwisha kufa, na katika vijiji vingi vya Kenya mwenye mali huyu yu hai na anatambika.

Pamoja na hayo, Kiswahili chenyewe kinaonyesha kwa nini tume ililihitaji neno pana kuliko dini. Katika matumizi ya kila siku, kusema kwamba mtu hana dini ni kumshutumu. Maana yake hana huruma, hana haya, anaweza kukudhulumu. Maneno kafiri na mpagani nayo yana hukumu ndani yake. Darasani mtoto wa nyumba isiyo na ibada anahitaji neno la kujitaja bila kujitukana. Mtazamo, kwa upungufu wake wote, ni neno lisilo na hukumu. Wahakiki wa ripoti, hususani viongozi wa elimu ya Kikatoliki waliohofia kwamba somo litapoteza sura yake, hawakuonekana kulipa suala hili uzito unaostahili.

Kipindi chenyewe

Serikali haikuipokea ripoti. Mwezi Desemba 2018 Waziri wa Elimu, Damian Hinds, alijibu kwamba wakati wa mageuzi hayo haujafika, akitaja mzigo wa kazi walio nao walimu. Jibu hilo liliwakera waliotaka mageuzi, na pengine lilistahili kuwakera, ila lina ukweli ambao ripoti iliupitia haraka. Tamko la haki ya kitaifa lililo kiini cha ripoti limeandikwa kwa wanafunzi wote kwa pamoja. Kazi ya kuamua mtoto wa miaka sita afundishwe nini, na wa miaka kumi na minne nini, iliachiwa mihtasari ambayo ingetungwa baadaye na chombo cha kitaifa. Kwa maneno mengine, swali gumu kuliko yote katika somo hili liliahirishwa, na mwalimu wa darasa la kwanza ndiye angekutana nalo Jumatatu asubuhi.

Mwalimu huyo hahitaji kungoja. Hadithi ya kijiti kinachowaka inaweza kusimuliwa kwa ukamilifu wake, bila kuulizwa mwishoni inafundisha nini. Mtoto anaweza kuambiwa kwamba kuna watu wanaoisimulia hadithi hii kila mwaka na wanapoifikia sehemu fulani hufanya jambo fulani, na wengine huisimulia vingine, na wengine hawaisimulii kabisa. Anaweza kumtembelea mzee katika nyumba ya ibada na kuona viganja vyake. Anaweza kukaa kimya dakika mbili na asiulizwe aliwaza nini. Hili la mwisho lina uzito zaidi ya linavyoonekana: shule inayodai kuheshimu mtazamo binafsi haina budi kumwachia mtoto sehemu isiyoandikwa daftarini.

Wales imekwenda mbali kuliko Uingereza. Kwa sheria ya mwaka 2021, iliyoanza kutekelezwa katika shule za msingi Septemba 2022, somo limeitwa Dini, Maadili na Etiki, linataja waziwazi imani za kifalsafa zisizo za dini, na mzazi hana tena haki ya kumtoa mtoto kipindini. Mantiki yake ni ya haki: kama somo halimpendelei yeyote, hakuna wa kukimbia. Lakini haki ile ya kutoka, iliyokuwepo tangu 1870, ilikuwa pia njia ya mzazi kusema kwamba shule imemwelewa vibaya. Mtoto wa Kivalmiki aliyesahihishwa kuhusu dini ya mama yake, kama angekuwa Cardiff leo, angerudi kwenye kiti chake wiki inayofuata, na ya baada yake, na mama yake asingekuwa na la kufanya ila kwenda kuzungumza na mwalimu.